Chumba Nilichoona Haya Kukifungua

Tulihama kwa ajili ya kifua cha mume wangu. Alikuwa karani wa ghala katika kampuni moja ya mgodi hapa Kolwezi, na nyumba yetu ya kampuni ilitazama barabara ya malori ya mawe ya shaba. Kiangazi chote vumbi liliingia hadi kwenye unga. Alikohoa mpaka akashindwa kulala chali, na daktari akamwambia atafute makazi mengine upesi.

Sheria ya kambi ya wafanyakazi iliruhusu wapangaji wawili kubadilishana nyumba, mradi wote watie saini mbele ya mkuu wa kambi. Tukampata fundi umeme mmoja wa kampuni, upande wa kuelekea mtaa wa Kasulo. Mke wake alitaka kuwauzia madereva mikate, na barabara yetu ilimfaa. Nikaenda kukagua. Nilifungua kila bomba, nikatazama mabati, nikachungulia hadi choo. Kwa kukagua mimi sijambo. Penye mlango wa chumba cha kulala yule mama akasimama mbele yangu.

“Mule bwana yangu iko analala, mama. Alitumika bushiku.”

Kwetu mgeni haingii chumba cha mtu na mkewe, hata mlango ukiwa wazi. “Basi mama, kama alifanya kazi usiku, tumuache alale,” nikasema, na nikajiona mtu mwenye adabu zake.

Wiki ya tatu baada ya kuhamia, mguu wa kitanda chetu ukazama. Chini ya mkeka wa plastiki kulikuwa na saruji nyembamba kama chapati, chini ya saruji mbao, na chini ya mbao shimo. Fundi na mkewe walikuwa wamechimba madini ya kobalti, wakalala juu yake. Nilikwenda kwa yule mama nikamtukana hadi madereva wakaacha kutafuna. Yeye akaendelea kuwauzia mikate. Nilipomwendea mkuu wa kambi, alijibu haraka: karatasi imeshatiwa saini, na shimo lililo chini ya kitanda chetu ni letu. Likisikika kwa wakubwa wa kampuni, tutafukuzwa sisi.

Tukahamishia kitanda sebuleni. Kifua cha mume wangu kilianza kutulia, hilo sitalikana. Miezi miwili alilala chali kama watu wengine. Lakini kazini walikuwa wameshamwondoa kwa ugonjwa, na nyumba tuliachiwa hadi mwisho wa mwaka tu. Siku moja baada ya chakula cha mchana nilimkuta ameng'oa zile mbao, ameshika kamba.

“Na kifua yako?” nikamuuliza.

“Vumbi iko huku yulu. Mule chini udongo iko na maji.” Akacheka. “Weye univutie tu masaki.”

Nilikasirika, nikapiga kelele, nikaketi juu ya lile shimo. Kisha nikainuka nikaishika kamba ya kuvutia magunia ya mawe ya kuuza, kwa sababu mwisho wa mwaka ulikuwa karibu na sikuwa na pa kumpeleka.

Kila siku nilimsikia akikohoa kule chini, na kwa kikohozi hicho nikajua yuko wapi. Alhamisi moja kikanyamaza. Nilifurahi. Nasema kweli, nilimshukuru Mungu, nikakaa pale na kamba mkononi nikiwaza kwamba hewa ya kule inamfaa. Nilikaa hivyo muda mrefu. Ndipo nikaitikisa kamba ili anijibu kwa kuivuta, kama tulivyozoea, nikaitikisa tena.