Goti Nililomficha Baba

Iko siku moja ambayo goti langu linaikumbuka kuliko mimi, hasa jioni baridi ya Mbulu inaposhuka. Mwanangu, umeniambia unataka kushindana kwenye dekathloni, ile michezo kumi ya siku mbili. Sikukatazi. Nakusimulia tu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, kijana wa kuhoji kila kitu, hata methali. Huku kwetu kila mwenye pumzi ni mkimbiaji, kwa hiyo majirani wa kijijini kwetu Nambis walinicheka: "Kumi ya nini? Mmoja umekushinda?" Baba peke yake hakucheka. Alivaa koti lake la kanisani, akapanda basi, akanifuata mpaka mjini kwenye mashindano ya kuchagua timu ya taifa.

Siku ya pili, kwenye kuruka kwa upondo, ile fito ndefu, nilianguka vibaya na goti likapinda. Nikajaribu tena na tena, nikashindwa. Mchezo mzima nikapata sifuri. Nikakaa kwenye nyasi, nikaanza kuvua viatu. Baba akateremka kutoka jukwaani.

"Umemaliza?"

"Nimeharibu, Baba. Nimepata sifuri. Siwezi kushinda tena."

"Sijauliza kushinda. Imebaki mingapi?"

"Miwili. Mkuki na mbio."

"Ng'ombe mmoja akifa, waliobaki unawaachia fisi?"

"Baba, hiyo ni methali, siyo hesabu."

"Haya, msomi. Hesabu basi ng'ombe waliobaki."

Alikuwa sahihi kwa alichokiona. Goti hakuliona, nami sikulitaja. Niliona haya, nisije nikadhaniwa natafuta kisingizio. Nikafunga viatu.

Mkuki niliurusha hovyo. Kwenye mbio, mzunguko wa mwisho, kitu kikakatika ndani ya goti kama kamba ya ndama. Nilimaliza nikiburuta mguu. Baba alikuwa amesimama, mikono ameiinua kupiga makofi. Haikukutana.

Sikushindana tena. Baba naye hakuitaja siku ile, ila kila nilipopanda kilima cha nyumbani nikichechemea, alijifanya anakagua mahindi. Ilipita miaka. Ni katika ugonjwa wake wa mwisho ndipo aliponiuliza, "Ni mimi niliyekuvunja?"

Nikamwambia ukweli, kwamba goti lilikuwa limeumia kabla hajateremka jukwaani.

"Mbona hukuniambia?" akasema. "Ningekubeba mpaka stendi."

Wiki hiyo hiyo tukamzika.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nami niliyehoji methali zote, hiyo sikuihoji wala sikuifuata. Tena methali yenyewe ina upungufu kidogo, kwa maana kilio changu hakikuniumbua peke yangu. Kilimtafuna mzee asiye na kosa, akakila kimya pamoja na ugali wake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitujia wazee kuomba neno, anza kwa kutuambia panapouma. Mzee hushauri kwa anachokiona. Tuhoji, bishana nasi, ni haki yako, lakini usitufiche goti. Nasi tukisahau kuuliza, tukumbushe bila hofu.

Nenda ukaruke. Mungu aishike miguu yako. Na siku ukianguka, maana utaanguka, akupe ulimi wa kusema, na mtu wa kukubeba mpaka stendi.