Ubao Uliokwenda Garissa

Siku tisa nilizunguka Pwani na ubao wa mawimbi mrefu kunishinda, na kila niliyekutana naye alikuwa na swali. Kwenye feri ya Likoni mama mmoja aliniuliza kama ni meza ya kupigia pasi. Diani, dereva wa tuktuk aliupitisha ubavuni, nusu ndani nusu nje, akaniambia niukalie usije ukaruka. Sikuchoka kuulizwa, maana mwenyewe nilikuwa na maswali kuliko wote. Kwa nini wimbi la hapa livunjike mbali na la pale lije kufia miguuni? Kwa nini maji hurudi nyuma kwanza kabla ya kuinuka? Mimi ni mwalimu wa Garissa, nimekulia kando ya mto wenye mamba. Maji kwetu ni ya kuchota, si ya kuchezea.

Mpaka hapo nilikuwa nimepanda povu tu, kwenye maji ya kiunoni. Malindi ndiko nilikotaka kusimama juu ya wimbi lenyewe. Nilipofika nikampigia simu bibi yangu aniombee dua. Ndiye aliyenilea, na sijawahi kuanza jambo kubwa bila dua yake: mtihani, kazi, hata kung'olewa jino.

Hapo ndipo nilipoharibu. Tulikuwa tukizungumza Kisomali, na Kisomali changu hakina maneno ya bahari. Nikamwambia, "Ayeeyo, kesho nitasimama kwa miguu yangu juu ya loox."

Ubao wowote kwetu ni loox, lakini bibi akitaja neno hilo huwa na maana moja: ubao wa duksi, chuo cha Kurani, ambao watoto huandika aya juu yake kwa wino wa makaa. Ukishahifadhi aya unauosha, na hata maji yake hayamwagwi mahali pa kukanyagwa. Sasa mjukuu wake amekwenda hadi Malindi kuukanyaga wenyewe.

"Astaghfirullah," alisema. "Usiguse maji. Niletee huo ubao niuone."

"Nitakutumia picha, ayeeyo."

"Picha haishikiki."

Nilikasirika nikapiga teke mchanga, mtu mzima mimi. Likizo ilikuwa imebaki siku tano. Lakini kuingia baharini hali amenikataza sikuweza, na asubuhi nilikuwa stendi.

Kondakta, kijana wa kwetu, aliutazama ubao kutoka juu mpaka chini. "Abaayo, dada yangu, hii kitu watu wanabeleka bwani. Wewe unatoa bwani unabeleka wabi?"

"Garissa."

"Wallahi?"

Akaufunga juu ya basi, katikati ya magunia ya nazi, huku akicheka. Kwenye kizuizi baada ya Hola, askari alikagua vitambulisho vyetu vyote, akaniuliza kazi yangu, kisha akapanda juu ya basi kuutazama ubao kwa muda mrefu zaidi. Aliugonga kwa kidole kuona kama una kitu ndani. "Mwalimu," akasema, "huko unakokwenda utateleza juu ya nini, vumbi?" Basi zima lilicheka, na mimi nikacheka nao, ingawa roho iliniuma.

Bibi alikuwa ameketi uani kwenye mkeka. Alitawadha kwanza, ndipo akaomba ubao. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo aliusoma kwa viganja: pua, ubavu, mahali palipozibwa ufa. Aliunusa. Hakupata herufi hata moja.

"Si loox," akasema.

"Ndivyo nilivyotaka kukueleza, ayeeyo!"

"Nilijua kabla hujakata simu. Unadhani nimezeeka kiasi hicho? Nilitaka urudi."

Safari ya siku nzima, magunia ya nazi, askari. Nilikuwa nimefungua mdomo nilalamike vidole vyake vilipofika kwenye kamba iliyo mkiani mwa ubao.

"Hii ya nini?"

"Inafungwa mguuni. Wimbi likiniangusha, ubao haunikimbii. Nauvuta, nashikilia, naelea."

Aliivuta kamba polepole mkononi, urefu wake wote. Bibi yangu alichunga ngamia Rhamu kabla ya kuhamia Garissa, na kamba anaijua. Nilijua pia kwamba mjomba wangu, mwanawe wa pekee, alichukuliwa na mto Daua uliojaa ghafla. Nililijua hilo kama watoto wanavyojua mambo ya nyumbani, bila kuambiwa.

"Alikuwa karibu," bibi akasema. "Kama kutoka hapa hadi mlangoni. Aliniita. Kamba zote zilikuwa shingoni mwa ngamia, na ngamia walikuwa mbali."

Nilitamani kumshika mkono, lakini alikuwa na kazi. Aliniambia nilete mguu. Alifunga ukanda wa kamba kwenye kifundo, akaubandua, akaufunga tena kwa nguvu zaidi, kisha akavuta kwa mikono miwili mpaka nikaanguka mchangani kwa kishindo. Hakucheka. Alivuta mara ya pili, na kamba haikuachia.

"Rudi Malindi," akasema.

Ndipo akasoma dua, ndefu kuliko ya mtihani na ya kazi. Muda wote huo aliishika kamba. Alipofika mwisho nikaitikia amina, naye hakuiachia, nami sikuuondoa mguu.