Siku Nilipoitoa Imbabura Uani

Nilipigana na vumbi la mtaa wetu wa Nyakabiga kwa muda mrefu. Nyumba yetu ya kupanga ilitazama barabara isiyo na lami, na kila lori lililopita nililitukana kwa lugha zote ninazozijua. Binti yangu mdogo alikuwa anakohoa, na mkosaji mimi nilikuwa nimeshampata. Nilifunga madirisha, nikaziba upenyo wa mlango kwa matambara, kisha nikatundika shuka jeupe lililoloweshwa dirishani ili linase vumbi. Mtoto akazidi kukohoa.

Mama mkwe wangu alishuka kutoka milimani, akae nasi likizo nzima. Alimsikiliza mjukuu wake, akatikisa kichwa.

"Mutoto atatufia mu hii muji," alisema. "Likizo ikiisha namupeleka kwangu. Kule kuko hewa muzuri."

"Apana, mabukwe," nilimjibu mama mkwe. "Huyu hatoki hapa."

"Basi kifua kikitulia, atabaki. Kisipotulia, namubeba."

Namheshimu sana yule mama, lakini siku hiyo nilimchukia. Mtoto ni wangu.

Kesho yake nilifua lile shuka kwa hasira. Upande wa barabarani ulikuwa wa kahawia, nao ukatakata kwa maji matupu. Upande wa ndani ulikuwa na weusi wa mafutamafuta, unaokataa sabuni. Nikasugua hadi vidole vikaniuma, na akili ikanijia taratibu: malori hayaingii sebuleni kwangu. Kilichokuwa sebuleni ni imbabura, jiko letu la makaa, ambalo nililiwasha kila siku kwa kipande cha ndala kuukuu, mlango ukiwa umefungwa.

Kwa nini ndani? Kwa sababu kwetu chungu hakionyeshwi. Tulikuwa familia kadhaa katika ua mmoja, na hakuna mwanamke aliyetaka majirani wajue kwamba maharage yake yanachemka tangu asubuhi bila hata tone la mawese. Kila mmoja alijifungia na siri yake na moshi wake. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kinanipikia.

Nikabeba imbabura mpaka katikati ya ua, nikaiwasha kwa vijiti vikavu, nikafungua madirisha yote. Chungu nikakifunua makusudi.

"Ni maharage!" nilipaza sauti. "Nani anataka kuona?"

Jirani wa mlango wa pili, muuza vitenge mwenye maringo, alichungulia, akacheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akatoka na imbabura yake. Maharage. Jirani mwingine naye, maharage. Kumbe tulikuwa tunafichana chakula kilekile!

Vumbi lilibaki, sidanganyi. Lakini kifua cha binti yangu kilianza kutulia, na likizo ilipoisha alikuwa anaruka kamba uani huku akiimba, pumzi tele. Nilitaka kupiga vigelegele, nami nikapiga.

Mama mkwe alikuwa ameketi kando, ngumi mdomoni, akizuia kikohozi chake mwenyewe. Alikuja nacho kutoka kwake, kule anakopikia kuni katika chumba kisicho na dirisha. Alimtazama mtoto, kisha akautazama moshi unavyopanda na kupotea juu ya mabati.

"Mukazana wangu," aliniambia hatimaye, "mutoto abaki. Mi nikifika, natoboa ukuta."