Nilimfungia Ndugu Yangu Maji ya Baba

Nimekosa. Sitaanza na visingizio, maana nilishavitumia vyote na vimeniishia. Nilimnyima ndugu yangu wa tumbo moja maji ya kunywa, naye amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Nilimnyima kwa ajili ya lengo la mwaka. Ndiyo, umesikia vizuri. Lengo la mwaka!

Jina langu silitaji. Siyu ni mji mdogo, wa huku watanijua tu. Na wanijue.

Mimi ni mzaliwa wa hapa, lakini nilikaa Mombasa miaka mingi na mume wangu Bakari. Sote tulikuwa wa ofisini, tukiishi nyumba ya kupanga ambayo dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani. Wazazi walipofariki, mdogo wangu Mwanaisha ndiye aliyenipigia simu.

"Dada, njooni mkae nyumba ya baba," aliniambia. "Mimi niko kwa mume wangu, sipungukiwi na kitu. Nyumba bila watu hufa."

Fungu lake lilikuwamo katika nyumba ile, na hakulitaja. Tukaja, mimi na Bakari na watoto wetu wawili.

Nyumba ya baba ina jabia, lile birika kubwa la mawe na chokaa la kukingia maji ya mvua. Baba hakuwahi kuliwekea mlango. Mvua zikichelewa, mtaa mzima ulichota kwake. Alikuwa akisema maji yameshuka kutoka kwa Mungu, yeye kazi yake ni kuyashikia tu.

Tulipofika nikaanzisha desturi yangu. Kila Januari, baada ya chai ya asubuhi, nilikaa na familia tukapanga malengo. Moja la kutunza mazingira, moja la kuthubutu kitu tusichowahi kukifanya. Mwaka wa kwanza tuliacha mifuko ya plastiki, tukaenda Pate kwa miguu na watoto, tukarudi vivyo hivyo, miguu imejaa malengelenge na sote tunacheka. Mwaka wa pili tulikula mboga za bustani yetu wenyewe, watoto wakajifunza kupiga kasia katika mikoko. Wallahi ilikuwa raha! Rukia, binti yangu mkubwa, alikuwa akilala na kasia lake pembeni ya kitanda.

Kosa halikuwa pale. Kosa lilianza nilipofungua ukurasa mtandaoni nikaweka picha zetu. Watu wa Nairobi wakaniita mama wa mfano. Wakanihoji, wakaniomba ushauri. Sifa zikanipanda kichwani, nami nikaona watu wa mji wangu wote ni wavivu isipokuwa mimi.

Mwaka jana nikatangaza lengo kubwa. Mwaka mzima kwa maji ya mvua peke yake. Hatununui, hatuazimi, hatugawi.

Bakari aliweka kikombe chini. "Hilo la hatugawi litoe."

"Tukigawa tutajuaje kama familia moja inaweza kujitegemea?"

"Mke wangu, haya si mambo ya kujaribia. Maji haya!"

Sikumsikiliza. Nilimwita fundi akaweka mlango wa mbao juu ya jabia, nikanunua kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso. Nikapiga picha. Ukurasani nikaandika kwamba nidhamu huanzia nyumbani.

Masika ya mwaka ule yalikuwa haba. Majabia madogo ya majirani yakakauka mapema. Letu kubwa likabaki na maji, maana tulikuwa watu wanne na tulipima kila kata ya maji. Wenye uwezo walinunua maji ya madebe yanayoletwa kwa boti. Wasio na uwezo walikwenda kisima cha zamani kule karibu na mikoko, maji yake ya chumvi na yana harufu. Mume wa Mwanaisha, Shee, ni mkulima wa nazi. Unajua ukame unamfanyia nini mkulima wa nazi.

Mara ya kwanza Mwanaisha alipokuja nilimpa ndoo moja, huku nikinung'unika kwamba hiyo ni ya kwanza na ya mwisho. Mara ya pili vuli ilikuwa imepita bila tone. Alimbeba Twalib, mwanawe wa mwisho, aliyekuwa ameachishwa ziwa karibuni na ameanza kutembea kwa kuyumbayumba. Mtoto aliponiona alinyoosha mikono nimchukue. Nilikuwa na kata mkononi, namwagilia mchicha.

Namwagilia mchicha, jamani!

"Dada," alisema, "nitilia mai ya mwana tu. Ndoo moya. Ya kisimani yanamsumbua tumbo."

"Mwanaisha, umebaki mwezi mmoja nimalize mwaka. Nikikupa wewe, kesho atakuja Bi Zuhura, keshokutwa mtaa mzima."

"Mimi si mtaa, dada."

Nilimwona akiiangalia ile ardhi iliyolowa miguuni pangu. Hapo ningeweza kunyamaza, nikafungua kufuli, mambo yakaisha. Badala yake nikaongeza. Nilimwambia mtu mwenye akili hujiwekea akiba. Nilimwambia Shee angechimba jabia lake badala ya kukaa barazani akingojea msaada. Nilimwambia, na hili ndilo ninalolisikia hadi sasa, "Usizae mtoto usiyeweza kumnywesha."

Alimhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno, akaokota ndoo yake, akaenda. Njia aliyoshika ni ya kisimani.

Rukia alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nikamwambia, "Umeona? Hivyo ndivyo mtu anavyoshika msimamo."

Desemba, shule zimefungwa, ikawa zamu ya lengo la pili. Kupiga hema ufuo wa upande wa bahari kuu, kula tutakachovua, simu zote zimezimwa. Asubuhi ya kuondoka Bakari aliniomba nimwachie Mwanaisha ufunguo.

"Turudi tukute jabia kavu?" nilimwuliza.

"Turudi tukute nduguyo yuko hai na watoto wake," alisema. Alisema kwa hasira tu. Hakujua anasema nini.

Ufunguo nikaondoka nao.

Tulifurahi kule. Siwezi kudanganya. Watoto walivua samaki wa changu, tukala wa kuchoma, tukaogelea. Nilipiga picha za kufungia mwaka, sote tumekaa mbele ya hema, na mimi katikati nacheka meno yote nje.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na mji tukakutana na Bi Zuhura, jirani yetu, anatoka shambani. Hakuitikia salamu yangu.

"Mumetoka wapi nyinyi?" aliuliza.

"Ufuoni, Bi. Kwani kuna nini?"

"Twalib tumemzika jana."

Nilisikia Bakari akisema "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Bi Zuhura alinieleza yote palepale njiani, mbele ya wanangu, wala hakupunguza sauti. Mtoto alishikwa na kuhara na kutapika. Zahanati walimpa dawa na chumvi ya kuchanganya na maji safi, wakasema apelekwe hospitali ya Amu, Lamu mjini, haraka. Maji safi mamake akayatoe wapi? Wakamkimbiza bandarini wakakuta maji yamekupwa, boti zimekaa juu ya tope. Wakangoja yajae. Mtoto hakungoja.

"Na bado," Bi Zuhura alisema. "Tulipotaka kumwosha tulikwenda kwako. Wanaume walitaka kuvunja kufuli. Nduguyo ndiye aliyewakataza. Alisema, 'Musivunde. Hayo ni mai ya watu.' Tukapita nyumba kwa nyumba, huyu kikombe, huyu kopo. Ndivyo tulivyomwosha."

Maji ya watu. Baba mmoja, mama mmoja, maji aliyoyashikia baba yetu, naye anayaita maji ya watu!

Wapo watakaonifariji kwamba kifo ni kazi ya Mungu, na kwamba hakuna aliyethibitisha ni maji ya kisima yaliyomuua. Kweli, hakuna aliyethibitisha. Lakini mama yake aliniambia kwa kinywa chake kwamba yanamsumbua tumbo. Aliniambia!

Nilikwenda matangani nikiwa na vumbi la safari. Wanawake walinipisha, si kwa heshima, walisogea nisiwaguse. Mwanaisha amekaa kwenye mkeka, macho makavu. Nikamwangukia miguuni. Akaivuta miguu yake.

"Inuka, Bi," aliniambia.

Bi! Tangu ajue kusema alikuwa akiniita dada. Nikalia, nikamwomba radhi kwa jina la baba. Akaningoja nimalize.

"Nimekusamehe mbele ya Mungu," alisema. "Sitaki kesho nisimame nimebeba madhambi yako na msiba wangu. Lakini dada sina. Nilikuwa naye, akarudi Mombasa."

Nilipowasha simu, pongezi zilikuwa zikimiminika. Watu wanauliza mwaka umeishaje, tumefaulu? Ndiyo, tulifaulu. Jabia lilikuwa na maji ya kuvuka Januari bila wasiwasi. Ukurasa nikaufuta usiku uleule, lakini picha zilishasambaa, na mpaka leo mtu asiyenijua anaweza kukutumia uso wangu unaocheka kama mfano wa familia bora.

Januari iliyofuata sikupanga kitu. Tulikuwa tunakunywa chai. Rukia akanitazama kwa uso wa mtoto anayetaka kujua kweli, akauliza, "Mama, na mwaka huu tutamnyima nani?"

Bakari aliondoka chumbani. Baada ya wiki chache akapata kazi Amu, akawachukua watoto wakasome huko. Hajaniacha. Ananipigia simu, anauliza hali, anakata. Nilimwuliza siku moja kama ananichukia. Alijibu, "Najichukia mimi. Ningekunyang'anya ule ufunguo." Hata hilo nimemfanyia, mume mwema, nikamwachia sehemu ya dhambi yangu aibebe.

Masika ya mwaka huu yalikuja kwa nguvu. Jabia likajaa pomoni. Mlango nimeung'oa, nimeuchoma moto, nimetangaza msikitini kwamba kila mtu achote. Hachoti mtu. Watoto wakipita wakitaka kuchungulia, mama zao huwavuta. Likizo Rukia alikuja kunitembelea, nikamtuma kwa mama yake mdogo na ndoo ya maji. Alirudi nayo tupu, imeoshwa.

"Amekunywa?" nilimwuliza kwa pupa.

"Ameyamwaga, mama. Ameiosha ndoo kwa maji yake, akaniambia nikurudishie na nikusalimie."

Nikauliza kama alimwaga kwa hasira. Rukia akafikiri kidogo. "Hapana. Amemwaga kama mtu anavyomwaga maji machafu."

Sijaandika haya ili mnionee huruma. Huruma yenu siitaki, wala sistahili. Nimeandika kwa sababu naona watu wanapanga malengo kama niliyoyapanga mimi, ya kuishi vizuri, kutunza nchi, kuwafundisha watoto ushujaa, na ni malengo mazuri, wallahi ni mazuri. Yangu pia yalikuwa mazuri! Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kuwa katili huku ameshika jambo jema mkononi. Au niliambiwa, na mume wangu, na Mwanaisha, na nilijifanya sisikii kwa sababu watu wa mbali walikuwa wananipigia makofi.

Jamani, usiweke lengo ambalo ndugu yako akija na shida, utamwona yeye ndiye kizuizi. Ukishamwona hivyo hata mara moja, livunje lengo hilo papo hapo, hata kama umebakiza siku moja.

Na wewe unayesoma haya, kama kuna mtu amesimama mlangoni kwako na ndoo, acha kusoma. Kampe.