Mjane wa Chuma

Mama Pacha alikuwa amemaliza kusuka nusu ya kichwa cha mwalimu wa chekechea wakati redio ya saluni ilipokatisha wimbo. Mtangazaji alihema kama mtu aliyepanda ngazi mbio.

"Wasikilizaji, habari nzito imetufikia sasa hivi. Mwigizaji wetu kipenzi, Chuma, ameanguka kutoka ghorofa ya nne akirekodi filamu yake mpya. Walioshuhudia wanasema amefariki papo hapo!"

Saluni nzima ikapiga yowe. Mteja aliyekuwa chini ya kikaushio akachomoa kichwa, maji yakimtiririka shingoni. Nani asiyempenda Chuma? Kwenye filamu zake aliruka mapaa, akavunja vioo, akaanguka, akainuka akipangusa vumbi begani na kutabasamu.

Mama Pacha peke yake hakulia. Alisimama na chanuo mkononi.

"Mama Pacha, mbona umeganda?" mwalimu akamuuliza kupitia kioo.

"Chuma haanguki," alisema polepole. "Chuma hapandi hata kiti kubadilisha taa. Anayeanguka ni baba watoto."

Ilikuwa kweli, ila wachache waliijua. Mumewe alikuwa na urefu wa Chuma na mabega ya Chuma, na kazi yake ilikuwa kuvaa nguo za Chuma na kuumia badala yake. Wenzake walimwita Unyoya, kwa jinsi alivyotua. Asubuhi hiyo, akifunga kamba za viatu, alimwambia mkewe, "Leo ni ghorofa ya nne. Kama kawaida tu, usiwe na wasiwasi."

Alimpigia simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akavua aproni, akatoka mbio.

"Nisubiri!" Mwalimu akamfuata hivyo hivyo, upande mmoja misuko, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona jini. Wakapanda pikipiki moja, wote wawili nyuma ya dereva, Mama Pacha akimpigapiga mgongoni: "Ongeza, kaka, ongeza!"

Filamu ilikuwa inarekodiwa kwenye jengo la zamani lililozungushiwa ukuta. Barabara ya mbele yake ilikuwa imefurika watu. Wasichana walilia wakikumbatiana. Kijana mmoja alikuwa ameshika simu juu, na watu wamemzunguka wakitazama video: mtu mwenye shati jekundu anatoka dirishani, anapinduka hewani mara moja, anapotelea nyuma ya ukuta.

Mama Pacha aliitazama. Mikono ya yule mtu ilikuwa imelegea kama tambara. Unyoya hakuwahi kulegeza mikono akianguka. Alimwambia mara nyingi kwamba mikono ndiyo usukani. Basi alikuwa amezimia kabla hajafika chini. Au amekufa hewani.

Akapasua umati mpaka getini.

"Haingii mtu," mlinzi akasema. "Hata awe nani."

"Nipishe! Mimi ni mke wake!"

"Mke wa nani?"

"Wa huyo aliyeanguka!"

Simu zote zikamgeukia yeye.

"Chuma alikuwa na mke!"

"Uongo!"

"Si huyu hapa? Maskini, amekuja na ndala!"

Mwalimu wa chekechea, akidhani anasaidia, akapaza sauti yake ya darasani: "Mpisheni jamani, ana mapacha!"

"Mapacha!" umati ukaitikia.

"Lisemwalo lipo," akasema bibi mmoja mwenye mwavuli, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mimi nililijua siku nyingi."

Mwandishi wa habari akamsogezea kipaza sauti. "Pole sana, shemeji. Mlifunga lini hiyo ndoa ya siri?"

"Siri gani? Tulioana mbele ya ukoo mzima! Mama mkwe alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka!"

Mlinzi naye alikuwa binadamu. Kumzuia mjane kulimshinda. Akafungua geti.

Uani palikuwa na magodoro yamepangwa, na pembeni yake, juu ya saruji, mtu mwenye shati jekundu amelala kifudifudi, shingo imekunjwa vibaya. Mama Pacha akaanguka juu yake akilia jina la mumewe, akamgeuza. Hakuwa na uso. Alikuwa sponji na matambara yaliyoshonwa kwa uzi mnene, na mguu wake mmoja ukachomoka ukabaki mikononi mwake.

"Mama Pacha?" Sauti ikatoka nyuma. "Unafanya nini na mguu wangu?"

Unyoya alikuwa amesimama mlangoni, mkate mdomoni, kikombe cha chai mkononi, na shati jekundu kama lile. Mkewe alimrukia. Alimpiga kwa ule mguu wa sponji, begani, mgongoni, huku analia, anacheka na kumuuliza kwa nini amezima simu.

"Tunarekodi! Sote tumezima!" alijitetea. "Hilo ni sanamu, tulilirusha kupima umbali. Kwani kuna nini huko nje?"

Walipoambiwa, Chuma mwenyewe, aliyetokea nyuma ya Unyoya, akawasha simu yake. Ikalia hapo hapo. "Mama, ni mimi... Naongea, si unanisikia? ... Hapana, mama, usianue nguo kupisha waombolezaji, hakuna msiba!" Akaifunika kwa kiganja. "Anasema redio haiwezi kudanganya."

Ikabidi atoke getini. Watu walipomwona walipiga kelele mpaka ndege wakaruka mapaani, ingawa bibi wa mwavuli alishikilia kwamba huyo si yeye, ni mtu wa kufanana naye.

"Wa kufanana nami ni huyu," Chuma akasema, akimvuta Unyoya mbele kwa mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwenye filamu. "Yote mliyonipigia makofi, ameruka yeye. Na huyu dada ni mke wake, siyo wangu. Mimi bado natafuta."

Vigelegele vilivyofuata, Unyoya hakuwahi kusikia mfano wake maishani. Alitazama viatu vyake, asijue pa kuweka mikono.

Mwongozaji aliona jua linaondoka na kazi haijafanyika. Akamwita Unyoya, na Mama Pacha, ambaye siku zote alikataa kutazama, safari hii akabaki pembeni ya magodoro. Umati ulipanda juu ya ukuta. Dirishani kule juu shati jekundu likatokea, likainama, likaruka. Mikono ilifunguka, ikageuza mwili, ukaja chini ukizunguka polepole kama hauna haraka, ukatua katikati kabisa.

Unyoya akainuka, akapangusa vumbi begani.

"Rudia!" Mama Pacha akapiga kelele kuliko wote, akirukaruka kama msichana. "Baba Pacha, rudia!"