Ukuta wa Mshipa wa Baba

Kazi yangu ni kupiga picha za ultrasaundi, na shingo za watu wa Garsen nimezishika kuliko kinyozi. Ukiweka kidude cha mashine chini ya taya, mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani unaonekana kwenye skrini. Kuta zake hupanuka moyo unapopiga, kisha hurudi. Mashine hufuata mwendo huo na kuchora mstari unaopanda na kushuka.

Mstari wa baba ulijikongoja tu. Ukuta ulikuwa umekakamaa na presha iko juu, maana dawa alikwisha kuziacha, akidai vidonge vinampeleka kichakani kukojoa kila mara hata kuchunga hawezi. Mzee mkaidi huyo!

"Umeona nini, mama?" akaniuliza, jeli ikimtiririka shingoni.

"Nimeona vumbi la ng'ombe, baba." Akacheka, nami nikacheka naye, moyo unaniuma.

Kwetu wafugaji, mtoto hamwambii mzazi habari ya ugonjwa wake. Humwambia kaka mkubwa wa mzazi, naye huja, akaketi, akanywa chai, akalitoa neno taratibu. Tena baba hakusikia la mtu ila la kaka yake. Basi daktari aliposema amwite baba amweleze, nikamjibu, "Niachie, huyu ni wangu." Laiti ningeuma ulimi!

Baba mkubwa alikuwa amehamisha ng'ombe mbali, huko delta, mahali simu haishiki. Nikamtuma mchuuzi wa maziwa wa Tarasaa: mwambie aje, kuna neno la ndugu yake. Nikangoja. Kila asubuhi nilimpelekea baba chai, nikamtazama shingo, nikafyata mdomo. Mara mbili nilitia vidonge mfukoni nikampe, mara mbili nikarudi navyo. Mwoga mkubwa mimi!

Siku ya tisa akaanguka zizini, mdomo umepinda, mkono wa kulia hauna nguvu. Tukampakia kwenye gari kumkimbiza hospitali ya Hola. Akakata roho njiani, kichwa chake mapajani mwangu.

Matangani watu wakanong'ona kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Walimsema marehemu, maskini, ambaye habari ya mshipa wake hakuijua hata aifiche. Nikaendelea kuwamiminia kahawa. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba mkubwa alifika siku ya pili baada ya maziko, miguu imevimba kwa mwendo. Ujumbe ulimkuta, akaondoka siku ileile. Nikamtoa kando nikamweleza yote: mstari, vidonge, daktari, na jinsi nilivyomngoja yeye ili nisivunje heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaraji, Mungu anisamehe, aniambie nilifanya vyema.

"Mwanangu," akasema, "baba yako anakufa, nawe unaningoja mimi?"