Matairi ya Kumfikia Lydia

Jumatatu, tarehe 13 Januari 2025. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya nyuzi tatu, theluji hakuna.

Fanuel alitoka kwake Thornton Heath, kusini mwa jiji, akalivuka lote hadi Harrow, kwenye gereji ya Mansukh, mzaliwa wa Nakuru, fundi pekee aliyemruhusu kugusa gari lake kwa miaka kumi na mmoja. Likizo yake ya kazi ya kutunza wazee ilikuwa siku saba, na ya kwanza ilishaanza kuliwa.

Wiki tatu kabla, binti yake Tatiana, nesi kaskazini mwa Scotland, alikuwa amejifungua. Mtoto alipewa jina la bibi yake Lydia, mke wa Fanuel, aliyefariki miaka minne iliyopita. Tangu mazishi Fanuel alikuwa akilitaja jina hilo akijibu pole za watu tu. Alitamani kumwita mtu kwalo tena.

"Baba, kwetu ni mlima na barafu," Tatiana alimwonya. "Bila matairi ya theluji usije. Ngoja Aprili."

Aprili ilikuwa mbali mno. Fanuel alipita kando ya rafu, akasimama penye matairi yenye meno makubwa kama ya trekta.

"Nipe haya. Mawili, ya mbele."

Mansukh akacheka. "Hayo ya matope, bwana! Unaenda kuoa kwenye tope la Olenguruone?"

"Nimeendesha pikapu ya kabichi Molo miaka sita. Sikusukumwa hata siku moja."

"Tope unalichimba mpaka upate ardhi. Barafu utachimba nini? Mpira huo ukipigwa na baridi unakuwa mgumu kama sahani. Bonyeza hili."

Fanuel akabonyeza tairi jingine, la theluji, likabonyea. Meno yake yalikuwa yamechanjwa mikato myembamba, kama kwa wembe, na ubavuni pamechorwa mlima wenye chembe ya theluji ndani.

"Basi mawili ya hayo."

"Mawili siuzi."

"Mansukh, nyumbani tairi nzuri zinakaa mbele!"

"Halafu kwenye kona nyuma inateleza, unaingia kwa mjukuu kinyumenyume? Manne. Ya saizi yako ninayo matatu. La nne linafika kesho saa mbili asubuhi."

Fanuel aliyatazama tena yale ya matope. "Ukinifungia haya sasa hivi, kesho saa hizi nimempakata."

Mansukh alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nikufungie, halafu mimi nitalalaje, bwana?"

Fanuel alirudi garini, akampigia Tatiana simu.

"Leo siji, mama. Tairi moja limekosekana."

"It's okay, Baba. Ngoja, huyu hapa ameamka. Msalimie."

Akasikia pumzi fupi fupi, za pua iliyoziba kidogo. Jina lilimfika ulimini. Hakutaka kulipitisha kwenye simu kabla hajampakata; akaibana simu sikioni, pumzi zikaendelea.

"Mwambie nakuja," akasema.

Asubuhi iliyofuata, saa moja na nusu, alikuwa mlangoni pa gereji, begi na chupa ya chai vikiwa kwenye kiti cha nyuma. Alimsaidia Mansukh kushusha tairi la nne, akasimama kando mpaka yote yakafungwa, akaingia barabara ya kaskazini saa tatu na dakika kumi.